Nani Mwenye Ufuo? Historia ya Siku Moja ya Familia Ufukweni Katika Bahari ya Karibi

Utangulizi

Visiwa vya Karibi tunavifundishwa darasani kupitia mambo matatu: utumwa, miwa na uhuru. Mambo hayo ni mazito, na hakuna mwanafunzi wa historia anayeweza kuyaruka. Hata hivyo, katika insha hii nimechagua jambo ambalo kwa juu linaonekana jepesi, nalo ni siku moja ambayo familia iliyo katika safari ya meli ya kitalii huitumia kwenye klabu ya ufukweni.

Siku hiyo hufuata utaratibu unaojulikana. Meli hutia nanga au kufunga gati asubuhi. Baba, mama na watoto hushuka, huchukuliwa na gari au mashua, na kufika kwenye lango. Hapo huvalishwa bangili ya karatasi au plastiki mkononi, ishara kwamba wamelipa. Bangili hiyo huwapa viti vya kulalia, mwavuli, chakula, vinywaji, bwawa la watoto na ufuo uliosafishwa. Jioni inapokaribia hurudi melini, kwa sababu meli haimsubiri mtu. Kesho yake wataamka katika kisiwa kingine.

Hakuna ubaya wowote katika familia kufurahi pamoja. Swali langu ni la kihistoria: ilikuwaje ufuo, ambao haukujengwa na mtu, ukawekewa lango na kuuzwa kwa siku? Nitajibu hasa kwa kutumia mfano wa Jamaika, nikigusa pia Bahama na Haiti. Hoja yangu ni kwamba lango hilo limebadilika sura mara tatu. Kwanza lilikuwa la uanachama, kisha la leseni, na sasa ni la tiketi. Katika kila sura, mwenyeji wa kisiwa amelazimika kuthibitisha upya kwamba bahari iliyo mbele ya nyumba yake ni yake pia.

Meli za ndizi na wageni wa kwanza

Utalii wa Jamaika haukuanzia ufukweni. Ulianzia bandarini, tena kwenye mikungu ya ndizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 nahodha Mmarekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kusafirisha ndizi kutoka Jamaika hadi pwani ya mashariki ya Marekani. Mwaka 1885 biashara hiyo ikazaa kampuni ya Boston Fruit, na mwaka 1899 kampuni hiyo ikaungana na nyingine kuunda United Fruit. Ndizi iliyotawala biashara hiyo kwa miongo mingi ilikuwa aina ya Gros Michel, ambayo sisi Waganda tunaila kila siku kwa jina la bogoya.

Meli ya ndizi ilirudi kisiwani ikiwa na nafasi ya kutosha, na abiria waliokimbia baridi ya Boston na New York walikuwa mzigo mzuri wa kuijaza nafasi hiyo. Kwa hiyo kampuni iliyouza matunda iliingia pia katika biashara ya vyumba. Baker alikuwa na hoteli ya Titchfield katika mji wa Port Antonio. Serikali ya kikoloni nayo ilipitisha sheria ya kusaidia ujenzi wa hoteli mwaka 1890, ikijiandaa kwa maonyesho makubwa yaliyofanyika Kingston mwaka 1891.

Meli ya kwanza iliyojengwa mahususi kwa ajili ya matembezi ya anasa, Prinzessin Victoria Luise ya Ujerumani, ilishushwa majini mwaka 1900. Haikudumu. Tarehe 16 Desemba 1906 ilipanda mwamba karibu na Port Royal, nje kidogo ya Kingston. Abiria waliokolewa, lakini meli ilipotea. Tunaona basi kwamba Jamaika imo katika historia ya meli hizi tangu ukurasa wa kwanza kabisa.

Baadaye, Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, safari za melini kwenda Havana na Nassau zilipata wateja wapya waliokuwa na kiu. Hata hivyo, hadi wakati huo mgeni wa melini alikuwa mtu wa kutembelea mji, kupanda gari la farasi na kulala hotelini. Ufuo ulikuwa bado haujawa bidhaa kamili.

Lango la kwanza: uanachama

Mwaka uleule wa 1906, upande wa pili wa kisiwa, kulitokea jambo dogo lililokuja kuwa kubwa. Katika mji wa Montego Bay, daktari Alexander James McCatty alitoa kipande chake cha ufuo ili kianzishwe chama cha kuogelea. Watu waliufikia ufuo huo kwa kupita kwenye pango, na ndiyo maana ukaitwa Doctor's Cave, yaani Pango la Daktari. Pango lenyewe liliharibiwa na kimbunga mwaka 1932, lakini jina limebaki hadi leo.

Tukumbuke kwamba wakati ule kuoga baharini kulichukuliwa kama tiba. Miaka ya 1920 Mwingereza aliyejulikana kwa kutibu mifupa, Sir Herbert Barker, aliyasifu sana maji ya ufuo huo kwa maandishi. Wageni wakaja, hoteli zikajengwa jirani, na Montego Bay ikaanza kuwa mji wa utalii.

Kwa maoni yangu, Doctor's Cave ni babu wa klabu za ufukweni za leo. Ilikuwa na mpaka, wanachama na wageni wa wanachama. Katika koloni ambalo mali na heshima vilifuata rangi ya ngozi, chama cha aina hiyo hakikuhitaji kuandika mlangoni kwamba watu weusi hawaingii. Ada, mapendekezo ya wanachama na macho ya bawabu vilitosha. Hapa ndipo Jamaika ilipotofautiana na majimbo ya kusini mwa Marekani. Kule ubaguzi uliandikwa katika sheria, hapa uliishi katika desturi, na desturi ni ngumu kuipeleka mahakamani.

Aliyeifichua desturi hiyo alikuwa mwandishi wa habari mweusi, Evon Blake. Mwaka 1948 aliingia katika hoteli ya Myrtle Bank mjini Kingston, akajirusha kwenye bwawa la kuogelea ambalo kwa mazoea lilikuwa la wazungu, akaendelea kuogelea huku wafanyakazi wakihangaika. Hakuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Alichovunja ni ukimya. Tukio hilo hukumbukwa sana Jamaika kwa sababu lilionyesha kwamba maji yanaweza kuwa na mpaka hata pasipokuwa na ukuta.

Lango la pili: leseni

Mtu angetarajia kwamba uhuru ulipokaribia, fukwe zingefunguliwa kwa wote. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1956, miaka sita kabla ya uhuru wa tarehe 6 Agosti 1962, Jamaika ilipata Sheria ya Udhibiti wa Fukwe. Sheria hiyo iliweka mikononi mwa Ufalme wa Uingereza haki zote juu ya sakafu ya bahari na ule ukanda wa ufuo unaofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Mwenye ardhi inayopakana na ufuo aliruhusiwa kuutumia kwa mahitaji ya nyumbani, kama kuoga. Wavuvi waliokuwa wakitumia fukwe kwa desturi walilindwa. Anayetaka kuutumia ufuo kwa biashara alitakiwa kupata leseni.

Ukiisoma haraka, unaweza kusema sheria hiyo ni nzuri, kwa kuwa imeiondoa bahari mikononi mwa matajiri na kuipa dola. Kasoro yake iko katika kile isichokisema. Haikumpa mwananchi wa kawaida haki ya jumla ya kuogelea. Mwenye nyumba ya ufukweni alitajwa, mvuvi alitajwa, mfanyabiashara alitajwa. Mama wa Kingston anayetaka kuwapeleka watoto wake baharini Jumapili hakutajwa.

Ukimya huo una mizizi Uingereza. Mwaka 1821 mahakama ya kule iliamua kesi ya Blundell dhidi ya Catterall, iliyohusu ufuo wa Great Crosby karibu na Liverpool. Catterall alikuwa mtumishi wa hoteli, akiwavusha wateja kwa vibanda vya magurudumu hadi majini. Blundell, bwana wa eneo lile, alidai kwamba ufuo ni mali yake. Majaji walio wengi walisema umma hauna haki ya jumla ya kupita ufuoni ili kuoga baharini. Jaji Best peke yake alipinga. Kwa hiyo, ugomvi wa bwana mwenye ardhi na hoteli moja ya kaskazini mwa Uingereza ulizaa kanuni iliyosafiri hadi makoloni. Naona jambo hili ni la kufikirisha. Liverpool ilitajirika kwa meli zilizobeba Waafrika kuwapeleka Karibi, na karibu na mji huohuo ndipo ilipotoka kanuni iliyowanyima wajukuu wao haki ya wazi ya kuingia majini.

Dola huru ya Jamaika ilirithi sheria ya 1956 pamoja na ukimya wake. Hoteli zilipoongezeka, hasa zile ambazo mgeni hulipa kila kitu kwa pamoja kabla ya kufika, leseni ikawa ufunguo wa kufungia. Dola ilikuwa na mamlaka ya kuwafungulia watu, lakini pia ilihitaji fedha za kigeni, na mwenye hoteli alikuwa na fedha hizo.

Lango la tatu: tiketi

Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki mwishoni mwa miaka ya 1950, meli za abiria zilipoteza kazi yake ya zamani. Badala ya kufa, zikageuka. Mwaka 1966 kampuni ya Norwegian Caribbean Line ilianza safari za matembezi kutoka Miami kwa meli ya Sunward. Royal Caribbean ikafuata mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972. Meli haikuwa tena njia ya kufika mahali, kwa kuwa yenyewe ndiyo ilikuwa mahali.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza. Abiria akishuka katika mji, fedha yake humfuata dereva wa teksi, msusi wa nywele, muuza vinyago na mama wa chakula. Saa ni chache, familia inaogopa kuachwa na meli, na kampuni inaijua hofu hiyo. Kinachouzwa basi ni uhakika: ufuo ulio karibu, salama, wenye choo safi, na kurudi kwa wakati. Njia rahisi ya kuuza uhakika ni kuumiliki ufuo wenyewe.

Mwaka 1977 Norwegian ilinunua kisiwa cha Great Stirrup Cay katika Bahama, ikawa kampuni ya kwanza ya meli za matembezi kuwa na kisiwa chake. Royal Caribbean ilikipa kisiwa jirani cha Little Stirrup Cay jina la CocoCay, na mwaka 2019 ikakizindua upya kikiwa na bustani ya michezo ya maji. Kisiwa cha Gorda Cay kikawa Castaway Cay cha Disney, kilichoanza kupokea familia mwaka 1998. Hata mbele ya Nassau, kisiwa kilichoitwa Hog Island, yaani Kisiwa cha Nguruwe, kilinunuliwa mwaka 1959 na tajiri Mmarekani Huntington Hartford, na mwaka 1962 kikawa Paradise Island, Kisiwa cha Peponi. Tuyaangalie majina haya kwa makini. Kubadilisha jina la mahali ni kazi ya kwanza ya anayetaka mahali hapo pasahau watu wake. Tunalijua hilo sisi ambao ziwa letu kubwa linaitwa kwa jina la malkia ambaye hakuwahi kulitia machoni.

Mfano mzito zaidi uko Haiti. Mwaka 1986 Royal Caribbean ilianza kutumia rasi iliyoko pwani ya kaskazini, karibu na Cap-Haïtien, ikiiita Labadee. Eneo hilo lilizungushiwa uzio na kuwekwa walinzi. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji mkuu, Port-au-Prince. Siku tatu baadaye meli ya kampuni hiyo ilifika Labadee na abiria wakashuka kuogelea. Kulizuka mjadala mkali. Kampuni ilijibu kwamba meli zake zilileta misaada na kwamba Wahaiti waliofanya kazi pale walihitaji mapato. Majibu hayo hayakuwa ya uongo, na mtafiti mwadilifu hana budi kuyataja. Lakini mjadala wenyewe uliweka wazi kile ambacho uzio ulikuwa umekificha kwa miaka mingi, kwamba familia inaweza kufika katika nchi, ikala na kuogelea humo, bila kuingia katika nchi hiyo.

Jamaika haikuuza kisiwa, lakini nayo imebanwa na ukubwa wa meli. Mji wa Falmouth, ulioanzishwa mwaka 1769 na kustawi kwa sukari na biashara ya watumwa, ulifunguliwa gati jipya mwaka 2011 kwa ushirikiano wa mamlaka ya bandari na Royal Caribbean, ili kupokea meli zinazobeba zaidi ya abiria 5,000 kwa safari moja. Abiria wengi hivyo wakishuka asubuhi moja wanahitaji mahali pa kukaa. Klabu za ufukweni zikawa jibu. Hata Doctor's Cave leo iko wazi kwa yeyote anayelipa kiingilio. Lango haliulizi tena rangi wala ukoo. Linauliza fedha, na kwa familia yenye watoto wanne wanaoishi kwa kipato cha chini, jibu linaweza kuwa lilelile la zamani.

Miaka ishirini ya kuogelea

Mpaka hapa historia hii inaweza kuonekana kama ya kushindwa tu. Sehemu iliyonifanya niandike insha hii ni ile inayofuata.

Jamaika ina sheria nyingine, yenye asili ya mwaka 1882, inayohusu haki zinazotokana na matumizi ya muda mrefu. Kwa mujibu wa kifungu chake cha 9, ikiwa umma umeutumia ufuo kwa uvuvi, kuoga au burudani, na kuitumia njia ya kuufikia, kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, basi umma unapata haki kamili ya kuendelea kuvitumia, isipokuwa pale ambapo matumizi hayo yalitokana na ridhaa iliyotolewa waziwazi kwa maandishi. Vuguvugu la wananchi linalojulikana kwa kifupi kama JaBBEM, lililoanza mwaka 2021, limeitumia sheria hiyo mahakamani kutetea fukwe kadhaa, ukiwemo ule unaoitwa Bob Marley Beach. Wakati huohuo limedai kwamba sheria ya 1956 ibadilishwe.

Kwa mwanafunzi wa historia, jambo hili ni kubwa. Ili kuthibitisha haki yao, wananchi wanahitaji watu watakaosimama na kueleza maisha yao: tulikuja hapa kila Jumapili, bibi alituogesha hapa mtoto alipougua, hapa tulijifunza kuogelea, njia tuliyopita ni hii. Hati ya kumiliki ardhi iko mikononi mwa kampuni. Kumbukumbu iko midomoni mwa wazee. Sheria hii inailazimisha mahakama kuisikiliza kumbukumbu hiyo kama ushahidi. Tunaojifunza historia simulizi barani Afrika, na ambao mara nyingi tunaambiwa kwamba masimulizi si chanzo cha kutegemewa, tuna cha kujifunza hapo.

Sasa tulinganishe siku mbili. Familia ya melini huilipia siku moja, nayo siku hiyo huisha bangili inapokatwa. Familia ya Jamaika ikienda ufukweni bila kuomba ruhusa, siku yake haiishi jioni, maana huhesabiwa pamoja na nyingine kwa miaka 20 hadi kuwa haki. Na kinyume chake ni kweli vilevile. Kizazi kimoja kikizuiwa na uzio, hesabu hukatika. Hivyo uzio hauzuii kuogelea kwa leo tu, bali huzuia pia ushahidi wa kesho.

Hitimisho

Nimekulia Entebbe, ambako sikukuu ya Krismasi familia hujaa kando ya ziwa zikiwa na masufuria, mikeka na redio. Fukwe nyingi za kwetu huingiwa kwa kiingilio. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 237, inasema serikali inashikilia maziwa ya asili, mito na ardhi oevu kwa dhamana, kwa manufaa ya wananchi wote. Maneno hayo ni bora kuliko ukimya wa sheria ya Jamaika ya 1956. Lakini dhamana ya ziwa haitaji njia ya kulifikia, na ziwa lisilo na njia ni picha tu ya kutazamwa kwa mbali. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo haki ya Wajamaika ilivyojengwa, Jumapili baada ya Jumapili, na ndivyo haki inavyoweza kupotea, kiwanja baada ya kiwanja.

Insha hii imeonyesha kwamba siku ya familia katika klabu ya ufukweni ina nyuma yake mikungu ya ndizi, pango la daktari, hukumu ya 1821, sheria ya 1956 na visiwa vilivyobadilishwa majina. Simlaumu mtoto wa mgeni anayejenga ngome ya mchanga pale. Ninachosisitiza ni kwamba mtoto wa kisiwa naye ajenge yake kwenye mchanga huohuo, na asiombe ruhusa. Wanafunzi wenzangu wanaoishi kando ya maziwa na bahari wanaweza kuanza utafiti kama huu nyumbani kwao, kwa kuwauliza wazee swali moja: zamani mlipita wapi kwenda majini? Majibu yaandikwe, na tarehe ziwekwe, wakati wanaozikumbuka njia hizo bado wapo.